Ukumbini neno ni lake, mkutanoni ana kura moja

Sijawahi kupiga teke la karate maishani mwangu, na kwa magoti haya niliyo nayo hata kukaa seiza, ile ya kupiga magoti na kukalia visigino, siwezi. Hata hivyo kwa miaka kadhaa sasa mimi ndiye katibu wa chama cha karate cha vijana hapa Amu, yaani Lamu, chama kisicho cha faida, chenye watoto wa Langoni, Gadeni, Kandahari na Wiyoni, na wachache wanaokuja kwa mguu kutoka Shela. Niliingia kama wanavyoingia wazazi wengi. Nilimpeleka mwanangu, nikawa nakaa barazani kumngojea, na kwa kuwa nilionekana sina kazi nikapewa daftari la mahudhurio. Ukishika daftari mji huu hukawii kuitwa katibu.

Vijana wanaotaka kuanzisha vyama vyao, wa karate au hata wa mpira, hunijia wakitaka niwape siri ya kupata wafadhili. Huwasikiliza, kisha huwauliza: mwalimu wenu akikosana na mweka hazina, nani atawaamua? Huwa kimya. Ukata ni shida ya kila siku na tumeshauzoea. Kilichotaka kutuvunja sisi ni neno la mwisho, nani analo na wapi.

Ukumbini hapana mjadala. Mwalimu akisema "yame" kila mtu anasimama. Akisema rudia kata, ule mfululizo wa miondoko iliyopangwa, unairudia hata kama jasho linakuingia machoni. Ndivyo inavyopaswa. Chumba kizima cha watoto wanaorusha ngumi hakiendeshwi kwa kupiga kura. Lakini chama kina wanachama, wanachama wana kura, na mwalimu ndani ya chama ni mtu mmoja kama mimi. Anatakiwa, jioni ile ile, akivua gi, sare ya karate, avue na ule ukubwa, aje aketi na wenzake na anyooshe mkono akitaka kusema. Wapo wanaoweza. Wengine inawawia vigumu, wala si kwa ubaya. Mtu aliyezoea kuinamiwa kila jioni hazoei kwa siku moja kuulizwa risiti.

Na mtu asidhani huu ni ushamba wetu wa visiwani. Funakoshi Gichin, mwalimu wa Okinawa aliyeionyesha karate Tokyo mwaka 1922, alipofariki mwaka 1957 wanafunzi wake waligombana hata juu ya mazishi yake. Chama cha Karate cha Japani, JKA, kilichoundwa mwaka 1949, kiliondokewa na mwalimu wake mkuu Nakayama Masatoshi mwaka 1987, na baada yake kikapasuka pande mbili, kila upande ukidai ndio chama. Wakapelekana mahakamani, na kesi haikwisha hadi 1999. Hao ni watu wenye mikanda myeusi ya ngazi za juu, wanaofunga mazoezi kwa kukariri maneno ya adabu na kujizuia hasira. Nilipoyasimulia haya barazani, mzee mmoja alicheka akashika mbavu. "Kumbe na Wajapani wana mambo ya msikiti na kamati yake!"

Usajili nitaupitia haraka. Kenya ina milango kadhaa, na sisi tuliingia kwa miwili. Kwanza tulijiandikisha kama kikundi cha jamii chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kwa sababu benki haikufungulii akaunti bila cheti na kumbukumbu za mkutano zinazotaja watia saini. Kikundi kinataka watu wasiopungua 10, na hao ukitoa chai hapa hawakosekani. Baadaye tukaingia kwa Msajili wa Michezo, aliyewekwa na Sheria ya Michezo ya 2013, kwa sababu huko ndiko chama cha michezo kinakotambuliwa kuwa chama cha michezo. Makaratasi ni mengi, safari za ofisini ni nyingi, na nguvu zako nyingi zitamalizwa na nakala za vitambulisho vya watu wasiopokea simu. Hayo yote ni ya kuvumilia tu.

Katiba ndiyo haifai kupitiwa haraka. Rasimu ya kwanza mtu aliichukua kwenye intaneti akabadilisha majina. Ilikuwa na kamati ndogo nyingi mno kwa chama cha chumba kimoja, na ndani yake kifungu kilichosema mwanzilishi atakuwa mwenyekiti wa maisha. Mwalimu hakukiandika yeye, lakini alipokisoma hakukikataa. Tulikutana ukumbini baada ya Isha, wanaume upande huu, wanawake upande ule, feni moja juu. Kifungu kiliposomwa watu waliangalia mkeka. Amu si mji wa kumpinga mtu mbele za watu. Jambo kama hilo humalizwa njiani, wawili wawili, watu wakirudi makwao. Aliyevunja ada hiyo ni mama mmoja anayekaanga mahamri Langoni.

"Mwalimu, niwie radhi," alisema. "Mwanangu ulimpokea hajui hata kufunga kamba za viatu, na leo alfajiri anaamka mwenyewe. Fadhila zako sizisahau. Lakini mwenyekiti wa maisha ni mtu asiyeulizwa, na mimi kila mwezi natoa mia tatu. Nataka pa kuulizia."

Hakuna aliyejibu. Mwalimu aliomba maji, akanywa gilasi nzima pole pole, akaiweka chini, akasema kifungu kiondolewe.

Tulichoandika mahali pake ni kifupi. Ufundi ni wa mwalimu na wasaidizi wake: nani anafundishwa nini, kata gani, nani yuko tayari kushindana, nani hayuko. Fedha, usalama wa watoto, ukumbi, safari na mazungumzo na wazazi ni vya kamati inayochaguliwa. Mwalimu anaingia kwenye kamati kwa cheo chake na ana kura moja, ila hawezi kuwa mwenyekiti wala mweka hazina. Ukiisoma hivyo unaona imekwisha. Ugomvi wote uliofuata ulitoka palepale mstari ulipopita, kwenye mambo ambayo ni ya ufundi na ni ya fedha kwa wakati mmoja.

La kwanza lilikuwa mtihani wa mkanda. Kwenye mtindo wa Shotokan, ambao ndio wetu, ngazi za wanafunzi kwa kawaida huhesabiwa kutoka kyu ya 10 kushuka hadi ya 1, kisha ndipo dan, ngazi za mkanda mweusi. Rangi hutofautiana chama kwa chama, lakini mtoto anazijua zote kabla hajajua kusimama sawasawa. Kila ngazi ina mtihani, na kila mtihani una ada. Zamani ada hiyo alikuwa akiipokea mwalimu mkononi. Anamleta mtahini kutoka Mombasa, anamlipia basi na mahali pa kulala, ananunua mikanda, na kinachobaki kinabaki kwake. Huo haukuwa wizi, na nilimkasirikia mtu aliyeuita hivyo. Mwalimu wetu ni seremala wa milango. Jioni zake zote alikuwa anazitoa bure, na kile kidogo cha mitihani ndicho pekee alichokuwa akikiona.

Lakini angalia utaratibu huo unamfanyia nini mtu mwema. Mitihani ikizidi, na riziki inazidi. Mtoto ambaye bado, ambaye zenkutsu-dachi yake, mkao wa goti la mbele kupinda, inayumba, baba yake ameshalipa, utamrudishaje? Na yule aliye tayari, ambaye baba yake ni mvuvi na kusi imeingia, hana cha kulipa, anabaki. Tulikuwa na kijana wa hivyo. Kata ya Heian Shodan ina miondoko 21, na yeye alikuwa akiipiga safi, akigeuka kichwa kinatangulia, mkono wa kurudisha nyuma umebana kiunoni, mpaka wasaidizi wakimtoa mbele awaonyeshe wengine. Mkanda wake ulikuwa mweupe, umegeuka rangi ya chai kwa kufuliwa. Mitihani ilikuwa ikiangukia katikati ya kusi kila mwaka. Wenzake walikuwa na msemo, "mkanda wa M-Pesa," wakiusema kwa kunong'ona akipita aliyepanda kwa hela, na watoto hawakuutoa hewani.

Tulibadilisha mambo mawili. Mwalimu akapangiwa posho ya kila mwezi kutoka kwenye ada za kawaida, ndogo, ya kuona haya kuitaja, lakini imeandikwa na inajulikana. Na mtihani ukapewa mpangilio mpya. Kwanza mwalimu anaandika orodha ya walio tayari na kumkabidhi mwenyekiti, kabla mtu yeyote hajalipa senti. Baada ya orodha kufungwa ndipo ada zinaitishwa, zinaingia kwenye akaunti ya chama, na asiyekuwa nazo kamati inamlipia kutoka mfuko wa msaada bila kutangaza. Mtahini lazima atoke nje, na analipwa na chama. Kufanikiwa kwa mpangilio huu kote kumo katika kutanguliza majina na kuchelewesha pesa. Ukigeuza mambo, hata ukiweka watu waaminifu kiasi gani, pesa itaandika majina yenyewe.

Mwalimu alikasirika. Kwa wiki kadhaa alikuwa akija, anafundisha, anaondoka bila kutuaga. Mwenyekiti alipomfuata karakana alimwambia, "Mmenifanya kibarua. Nimekianzisha mimi hiki." Mwenyekiti, ambaye ni mtu wa maneno machache, alikaa akamsaidia kupiga msasa ubao mpaka ukaisha, kisha wakaenda kuswali Asri. Hawakukubaliana chochote siku hiyo. Na mageuzi yenyewe hayakuwa ya bure: orodha ilikuwa fupi, mapato ya mitihani yakashuka, na wazazi wawili watatu waliwatoa watoto wao kwa sababu wamezoea mkanda kila mtihani. Siwalaumu sana. Mkanda unaonekana, subira haionekani.

Kuhusu fedha zenyewe nina la kusema moja tu, maana mengine yako katika kila kitabu cha uhasibu. Mweka hazina wetu anabandika hesabu ya mwezi ukutani, karatasi moja, kwa mwandiko wake: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Majina ya wasiolipa hayabandikwi. Mwalimu mmoja wa shule alitushauri tuyabandike ili watu waone haya, nami nilimpinga kwa nguvu zote. Ukimwaibisha mzazi hapa hatalipa, atamwondoa mtoto, na kule mtoto atakakokwenda kushinda jioni hiyo tunakujua. Wengi wetu tumewaleta watoto karate kwa sababu ya unga, yaani dawa za kulevya, ingawa kwenye fomu tunaandika "afya na nidhamu".

La pili lilikuwa kuinama. Ukumbi ulikuwa na picha ya Funakoshi mbele, kama kumbi nyingi za karate duniani, na mazoezi yalianza kwa watoto kupiga magoti, kuweka viganja chini na kuteremsha vichwa kuelekea ile picha. Baba mmoja, mwalimu wa chuo cha Qur'ani, alisimama mlangoni siku moja akatazama mpaka mwisho. Alinijia mimi, si mwalimu, kwa heshima tu. "Katibu, mwanangu akirudi nyumbani nitamwambiaje? Mimi asubuhi namfundisha kusujudu ni kwa nani. Jioni namwona ameweka kichwa chini mbele ya picha ya mtu."

Mwalimu alisema ni salamu tu, kila mtu duniani anajua ni salamu, na haya ni ya ufundi, kamati isiingie. Kwa maandishi alikuwa na haki. Kwa upande mwingine, hilo lilikuwa jambo la wazazi, na mazungumzo na wazazi ni ya kamati. Tuliona tukilipigia kura, upande mmoja utashinda na chama kitashindwa. Mwenyekiti akamwomba yule baba na mwalimu wakae wawili, bila sisi, bila kumbukumbu. Walichoongea sikijui chote. Najua mwalimu alimsimulia habari za Itosu Anko, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 aliiingiza karate katika shule za Okinawa na kutunga kata nyepesi kwa ajili ya wanafunzi, zile ambazo baadaye Funakoshi aliziita Heian. Karate tunayowafundisha watoto ni ile ambayo tayari ilishabadilishwa mara moja kwa ajili ya watoto. Baada ya kuyasema hayo kwa mdomo wake mwenyewe, nadhani, ilimwia taabu kung'ang'ania picha.

Picha ikashushwa. Watoto sasa wanasalimiana wamesimama, kichwa kinateremka kidogo, macho kwa mwenzake. Seiza imebaki kwa ajili ya kutulia na kunyamaza, bila kichwa kwenda chini. Wazee wa kirumbizi, ambao mchezo wao wa fimbo unachezwa kwenye Maulidi na harusini na una adabu zake za kuingia uwanjani, hawakuona kigeni chochote. Saa pia tulizipanga upya: tunaanza baada ya Asri na tunafunga mapema watoto wawahi Magharibi, na wanaosoma chuo jioni wana siku zao. Ramadhani hatufanyi kumite, yaani kupambana wawili wawili, kabisa. Kata tu, tena kwa anayejisikia.

Wasichana waliongezeka baada ya hapo, jambo ambalo hatukulipanga. Pengine wazazi waliona chama kinaweza kusikiliza. Maswali yao yalikuwa mengine: nani atakuwepo, mlango utakuwa wazi, nani atamgusa akimrekebisha mkao? Tulipata msaidizi wa kike, na hijabu haijawa tatizo, kwa kuwa hata kanuni za Shirikisho la Karate Duniani, WKF, zinaruhusu ile iliyoidhinishwa kwa mashindano. Masharti yetu ya ulinzi wa watoto yalizaliwa kutokana na maswali ya akina mama hao kabla hatujasoma Sheria ya Watoto ya 2022. Mtu mzima hakai peke yake na mtoto, ukumbini wala kwingineko. Hakuna masomo ya nyumbani kwa mwalimu. Kila anayefundisha analeta cheti cha polisi cha maadili mema, na sisi wa kamati pia, nami katibu nikapeleka changu. Picha hazipigwi wala kutumwa bila mzazi kutia saini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kwa habari za mtoto, na watalii wa pale ufukweni Shela wenye simu mkononi hawaijui sheria hiyo, kwa hiyo tunawaambia sisi, kwa upole, na baadhi yao hukasirika.

Lakini siku niliyoelewa hasa kazi ya kamati ni nini, ilikuwa kabla ya uchaguzi mkuu wa 2022. Mgombea mmoja, sitamtaja, alimpigia mwalimu simu usiku. Anataka kusaidia vijana. Atanunua tatami mpya, mikeka minene ya mazoezi, za ukumbi mzima na gi kwa kila mtoto. Anachoomba ni kidogo: vijana wakubwa, wale wa mikanda ya kahawia, wamsindikize kwenye mikutano yake wakiwa wamevaa gi, wasimame jukwaani pande zote, "wapendeze tu".

Kila mtu wa pwani anajua maana ya kupendeza kwa namna hiyo. Leo unasimama jukwaani, kesho upande wa pili wana vijana wao na fimbo, na kesho kutwa mzazi yuko hospitali au kituo cha polisi. Mwalimu naye alijua. Lakini fikiria yuko peke yake na simu sikioni saa nne usiku, mtu mwenye nguvu anamwita "mwalimu wangu", na ukumbini kwake watoto wanaanguka juu ya saruji yenye mkeka mwembamba. Huko nyuma, alipokuwa yeye ndiye chama, angejibu nini? Akikataa, amemkataa yeye, mtu kwa mtu, katika mji ambao mtakutana kesho gatini. Usiku ule alijibu, "Mheshimiwa, mimi ni mwalimu tu. Mambo hayo yana kamati, na kamati ina katiba." Akatupigia sisi asubuhi.

Tuliandika barua ya kushukuru na kueleza kwamba sare za chama hazivaliwi kwenye shughuli za siasa, za upande wowote. Tatami hazikuja. Na wiki hiyo hiyo mwalimu, yule aliyesema tumemfanya kibarua, alikuja na orodha ya mtihani kabla sijaiomba, akaketi na kuanza kusimulia watu waliokuwa wakimfuata nyumbani zamani, huyu na kilo za kamba, yule na ahadi, wote wakitaka mkanda. "Siku hizi nawaambia hata mimi sijui, nendeni kwa katibu." Kumbe nimekuwa mlango wa kufungiwa watu! Sijachukia. Nimegundua kwamba nusu ya mamlaka aliyopoteza ilikuwa mzigo, na alikuwa anatafuta muda mrefu mtu wa kumtua.

Safari za mashindano ni kazi ya kamati peke yake na hapa mwalimu hajawahi kubishana. Boti asubuhi hadi Mokowe, kila mtoto na jaketi lake, hata wanaojidai wamezaliwa baharini. Kisha basi, na askari wakitaka magari yaende kwa msafara huna la kufanya ila kungoja. Kila mtoto ana barua ya mzazi, nambari mbili za simu, na dawa zake zimeandikwa kama anazo. Wasichana wakisafiri, mama mmoja wa kamati anasafiri, na kama hakupatikana, hakuna safari. Ilishatokea tukaacha mashindano kwa sababu hiyo, watoto wakalia, na baadhi ya wazazi wakasema kamati ina ushetani. Sijutii.

Watoto wenyewe wameanza kutuuliza mambo. Mmoja alitaka kujua kwa nini karate ilikuwepo kwenye Olimpiki ya Tokyo, ile iliyochezwa 2021, ikaachwa Paris 2024. Nilimjibu kwamba huko nako kuna kamati. Tumeweka viti viwili vya vijana katika kamati yetu. Walio chini ya miaka 18 wanasema bila kupiga kura, na wanasema sana. Msichana wa mkanda wa kahawia aliuliza kikao kilichopita kwa nini wasaidizi wanaofundisha watoto wadogo hawapati hata nauli, ilhali mwalimu ana posho. Mwalimu alisema zamani yeye hakupewa chochote na hakuuliza. Msichana akasema, "Ndiyo, sensei, na ndiyo sababu mimi nauliza." Mweka hazina aliinamia daftari lake asionekane anacheka.

Hilo la nauli limeingia kwenye ajenda ya mkutano mkuu, ninayoiandika sasa. Kuna na ada ya ndugu wawili wa nyumba moja, ambayo itachukua usiku mzima kama kawaida yake. Halafu mwalimu ameleta hoja yake kwa maandishi, ukurasa mmoja na bei zimeambatishwa, kwamba akiba yote inunue tatami. Mweka hazina anataka bati la paa libadilishwe kwanza, kabla ya mvua za masika. Nampenda mwalimu, na hoja yake ameiandika vizuri kuliko nilivyotarajia. Mimi napigia bati.